Karatasi Tisa za Mjomba

Kwenye sanduku la bati la mama yangu, huko Kajiado, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za karo, kulikuwa na karatasi tisa ambazo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuzisoma. Ni zile karatasi za printa za zamani, zenye matundu pembeni, zilizoshikana moja kwa nyingine. Ya kwanza ina barua ya sentensi mbili: "Dada, picha ndiyo hii. Mwambie mtu wa kompyuta akufungulie." Halafu unakuja mstari huu:

begin 644 dada.gif

Baada ya hapo ni fujo tupu. Mistari zaidi ya mia tano, karibu yote ikianza na herufi M, na nyuma yake alama za dola, mabano, nukta, asilimia, na herufi kubwa zilizorukaruka bila neno hata moja. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni lugha ya Marekani. Nilipofika kidato cha pili nikadhani ni printa iliyoharibika. Mama alikuwa na jibu moja tu kila aliponikuta nimezishika: "Rudisha hapo. Hiyo ni picha ya mjomba wako."

Alikuwa sahihi kabisa. Na mimi, mtu anayelipwa kuandika programu, ilinichukua miaka mingi kumwamini.

Mjomba aliondoka mwaka 1992 kwenda kusoma Marekani. Mama wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kajiado, na huyo ndiye mdogo wake wa pekee. Mwaka 1995 alimfumia sweta ya rangi ya damu ya mzee, akampa msafiri mmoja aliyekuwa anaelekea huko. Hakuna barua iliyowahi kusema kama sweta ilifika. Kisha 1996 ikaja barua ya posta: Mjomba anatuma picha kwa kompyuta, kuna ofisi Nairobi yenye imeili, Mama aende akaichukue. Akadamka alfajiri, akapanda matatu. Kitengela ninayoishi mimi leo, na magorofa yake na foleni zake, ilikuwa bado kituo kidogo ambacho wazee wanakiita Noonkopir. Ulikuwa unapita tu, unaona pundamilia upande wa mbuga, unaendelea na safari. Nairobi akapewa karatasi tisa. Karani akamwambia, "Mwalimu, ndivyo ilivyokuja." Mama akakunja, akashukuru, akarudi.

Mwaka 1998 Mjomba aligongwa na gari huko huko, na akazikwa huko huko. Picha tuliyobaki nayo nyumbani ni ya pasipoti, ya kidato cha nne, kola imepinda. Kwa hiyo unaposikia mtu anauliza historia ya intaneti ina faida gani, mimi yangu inaanzia hapo: ni nani aliyeamua kwamba picha ya mtu isafiri ikiwa imegeuzwa herufi, na je, inaweza kugeuzwa irudi?

*

Lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walitaka kompyuta za vyuo ziweze kupeana habari. Mtandao wa serikali ya Marekani ulikuwepo, lakini ulikuwa wa wateule, wenye mikataba ya utafiti. Hawa wakatumia walichokuwa nacho: laini ya simu, modemu, na programu iitwayo UUCP ambayo ilinakili faili kutoka kompyuta moja ya Unix hadi nyingine. Steve Bellovin wa chuo jirani akaandika toleo la kwanza. Usiku kompyuta moja inaipigia nyingine, inauliza una nini kipya, inachukua, inakata simu. Kesho yake inaipigia ya tatu. Waliiita Usenet, na kufikia 1980 ilikuwa imeanza kuenea.

Ndani ya Usenet kulikuwa na vikundi vya habari, kila kimoja na mada yake. Unaandika ujumbe, unaubandika kwenye kikundi, na ujumbe huo unanakiliwa kutoka seva hadi seva mpaka umezunguka dunia. Hakuna mwenye mali, hakuna makao makuu. Kama umewahi kuona habari ya msiba inavyotoka mji mmoja hadi mwingine, kila anayesikia akimwambia wa jirani, basi umeona Usenet. Wakenya waliokuwa ng'ambo nao walikuwa na kikundi chao, soc.culture.kenya, ambako walibishana siasa, wakaulizana habari za nyumbani, na wakatukanana vilevile, yaani kama kawaida yetu.

Shida ilikuwa moja. Mitambo hii ilijengwa kubeba maandishi. Herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache zinatosha kwenye biti 7, na njia nyingi za barua zilihakikisha biti 7 tu. Picha haijui mambo hayo. Picha ni baiti za biti 8, zenye thamani yoyote kati ya 0 na 255. Ukiipitisha kwenye njia ya maandishi, biti ya nane inakatwa, au baiti fulani inasomwa kama amri ya kumaliza ujumbe, na kinachofika upande wa pili ni takataka.

Dawa ilipatikana mwaka 1980. Mary Ann Horton, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu ndogo inayoitwa uuencode. Wazo lake ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini hukulifikiria wewe. Chukua baiti 3, ambazo ni biti 24. Zigawe upya kuwa mafungu 4 ya biti 6. Fungu la biti 6 haliwezi kuzidi 63. Sasa ongeza 32 kwa kila fungu, na unapata alama ambayo inaweza kuchapishwa kwenye karatasi.

Hebu tujaribu na neno "Mtu". Kwa kompyuta herufi hizo ni 77, 116 na 117. Zipange biti zake 24, zikate sita sita, unapata 19, 23, 17 na 53. Ongeza 32 kwa kila moja: 51, 55, 49, 85. Hizo ni 3, 7, 1 na U. Basi "Mtu" amekuwa "371U". Hajapotea. Amevaa nguo za safari tu.

Na zile M? Mwanzoni mwa kila mstari uuencode inaweka alama moja ya kusema mstari huu una baiti ngapi. Mstari uliojaa una baiti 45. 45 na 32 ni 77. 77 ni M. Ndiyo maana ukurasa mzima unaanza na M, M, M, kama mtoto anayejaribu kusema mama. Baiti 45 zinakuwa alama 60, na hiyo M ni ya 61.

Hata ile 644 ilikuwa na maana. Ni ruhusa za faili kwenye Unix: mwenyewe asome na aandike, wengine wote wasome. Mjomba alikuwa amemruhusu kila mtu duniani kuisoma picha ile. Mtu wa kuisoma ndiye aliyekosekana.

*

Simlaumu karani. Tukumbuke kompyuta za Nairobi zilikuwa wapi wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, imeili iliingia Kenya kupitia watu wa mashirika na vyuo. Kituo cha ELCI, kilichoshughulikia mazingira, kilikuwa mwenyeji wa NGONET, uliotumia Fidonet: kompyuta ya kawaida, modemu, na simu ya kimataifa ya kuunganisha Nairobi na GreenNet ya London. Barua zinakusanywa, zinafungwa pamoja, zinatumwa kwa mkupuo, kwa sababu kila dakika ya simu ilikuwa pesa. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliokuwa Massachusetts, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online. Mwaka 1995 kituo cha ARCC, chini ya Shem Ochuodho, kikafungua huduma kamili ya intaneti jijini.

Jijini, nimesema. Kajiado ilikuwa na reli ya kwenda Magadi, ilikuwa na Posta, na ilikuwa na simu. Lakini kumpigia mtu wa Nairobi ilikuwa simu ya masafa, na huduma zote hizi zilikuwa Nairobi. Kutaka imeili ukiwa Kajiado mwaka 1996 ilimaanisha kufanya alivyofanya Mama: kupanda gari uende kwenye imeili.

Hata baadaye mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data hapa hapa nchini. Kabla ya hapo, barua ya kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi ofisi ya ng'ambo ya barabara, zikiwa na watoaji huduma tofauti, ilipanda setilaiti, ikazuru nchi za nje, kisha ikarudi. Baada ya wiki mbili hivi mamlaka ya mawasiliano ilikifunga kituo, kufuatia malalamiko ya Telkom, na hakikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Sisi tunaolalamika video ikikwama sekunde tatu, tumezaliwa juzi.

Kwa hiyo Mjomba alipoketi kwenye kompyuta ya chuo chake, alijua anatuma mzigo mahali penye mlango mwembamba. Ukiishi Kitengela unaelewa hesabu hii bila kufundishwa. Lori la maji haliwezi kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Maji yanapanda kwa mitungi ya lita ishirini, mmoja mmoja, na unahesabu. Vilevile seva nyingi zilikataa ujumbe mrefu, kwa hiyo faili ilikatwa vipande, na kila kipande kikaandikwa namba yake kwenye kichwa cha habari: (1/3), (2/3), (3/3). Ndivyo walivyofanya watu wa vikundi vya habari kwa picha, nyimbo na programu, na Mjomba alifanya vivyo hivyo. Ujumbe mitatu, kurasa tatu kila mmoja. Karani akachapisha yote kwa uaminifu.

*

Mwaka jana nilienda Kajiado wikendi nikiwa nimeamua. Nikalitoa sanduku, nikamwomba Mama karatasi. Akanitazama. "Utazirudisha?"

Nikamwambia naweza kuifungua picha.

Hakusema lolote kwa muda. Kisha akaenda kuchukua miwani yake.

Nilianza kwa uvivu wa kisasa: nikapiga picha kurasa kwa simu, nikaiachia programu ya kusoma maandishi ifanye kazi. Ilitoa ujinga. Programu hizi zimefunzwa kusoma maneno, na hapa hakuna neno. Ikiona kitu kinachofanana na neno inakirekebisha. Ikiona nafasi tupu inaifuta, na kumbe kwenye uuencode nafasi tupu nayo ni alama, ni sifuri. Uzuri ni kwamba uuencode ya kawaida haina herufi ndogo. Ubaya ni kwamba wino wa printa ulikuwa umefifia, na 0 na O zilikuwa mapacha.

Basi tukafanya kishamba. Mama anasoma, mimi nataipu. "M. Mabano, fungua. Nne. Dola. T. Nafasi. Nafasi. Alama ya kushangaa." Mwalimu mstaafu akinisomea imla, sauti ile ile ya darasa la nne. Mistari 528, alama 61 kila mstari. Hiyo ni zaidi ya 32,000. Nilikuwa nimeandika programu fupi ya Python ya kukagua kila mstari nikiumaliza: je, unaanza na M, je, alama ni 61? Ikikosea inalia, na Mama anasema, "Rudia, hukusikiliza." Tulifanya ukurasa mmoja kila jioni. Wikendi ikawa wiki, nikawa nafanya kazi ya ofisi mchana nikiwa Kajiado, na jioni tunakaa mezani.

Jioni ya tatu alisimama katikati ya mstari. "Kwa hiyo hapa nimesoma nini? Jicho ama kiatu?"

Nikamweleza kwamba haiwezekani kujua. Akatikisa kichwa, akaendelea. Alikuwa amekaa na karatasi hizi miaka 28, na sasa alikuwa anazisoma kweli, alama kwa alama, bila kuelewa hata moja.

Ukurasa wa saba ndio uliotuvunja. Mabati yaliwahi kuvuja mvua ya El Niño, mwishoni mwa 1997, na maji yalikuwa yameingia sandukuni na kufanya doa kubwa la kahawia. Mistari kama ishirini mwanzoni mwa sehemu ya tatu ilikuwa imefutika. Mtu yeyote aliyetumia vikundi vya habari enzi zile anajua uchungu huo: 1/3 iko, 2/3 iko, 3/3 imepotelea kwenye seva fulani, na unaandika kwa aibu ukiomba mwenyewe aposti tena. Mwaka 2001 watu walibuni faili za PAR, za kubeba hesabu ya ziada ili kipande kilichopotea kiweze kutengenezwa upya kutokana na vingine. Mjomba hakuwa nazo. Na hakuna wa kumwomba aposti tena.

GIF imebanwa kwa njia ambayo kila kipande kinategemea kilichotangulia. Mistari ishirini ikikosekana, kinachofuata chote hakisomeki. Nikapiga hesabu: tuna theluthi mbili za faili. Picha ya kawaida huhifadhiwa kutoka juu kwenda chini. Nikamwambia Mama ajiandae kumwona hadi kiunoni, labda.

Usiku huo nikafungua.

*

Sikutarajia nilichokiona. Alikuwa mzima, kutoka nywele hadi viatu. Sehemu ya juu ilikuwa safi, na kuanzia kifuani kushuka alikuwa na ukungu kidogo, kama unamwona kupitia wavu wa mbu.

Ilinibidi nisome ndipo nielewe. CompuServe walipotoa GIF mwaka 1987, waliweka njia ya kuhifadhi picha kwa kurukaruka mistari. Kwanza unaweka kila mstari wa nane, picha nzima. Kisha unarudi juu na kujaza katikati. Kisha tena. Mara ya nne ndiyo unaweka nusu ya mistari iliyobaki. Waliifanya kwa ajili ya watu wa modemu: picha inaanza kuonekana yote mapema, hafifu, halafu inakolea kadiri simu inavyoendelea, na kama si unayoitaka unakata. Mjomba, au programu aliyotumia, alikuwa amechagua hivyo. Kwa hiyo theluthi mbili za faili zilikuwa na nusu ya mistari ya mwili mzima, na kiasi cha ile nusu nyingine. Kilichoharibika kilikuwa ukamilifu wake tu. Hesabu iliyopangwa kwa sababu laini ilikuwa mbovu ndiyo iliyotuokoa kwa sababu bati lilikuwa bovu.

Anasimama nje ya jengo la matofali, theluji miguuni. Amenenepa kidogo. Anacheka. Mikono ameinyoosha pembeni kama mtu anayeonyesha nguo, kwa sababu ndicho alichokuwa anafanya. Amevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee.

Nilikaa na hiyo picha peke yangu dakika kama kumi kabla ya kumwita Mama.

*

Nilirudi Kitengela na kazi moja imebaki, na hii naikiri ilikuwa ya moyo zaidi kuliko ya akili. Nilitaka kuituma picha jinsi ambavyo ingetumwa. Nikachukua laptopu kuukuu, nikaweka INN, programu ya seva ya habari iliyoandikwa na Rich Salz mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndani yake nikaunda kikundi kimoja: familia.picha. Kisha nikakaa kuandika skripti ya Python.

Hapo ndipo nilipogundua nimechelewa. Python kwa miaka mingi ilikuja na moduli mbili za kazi hii: nntplib ya kuongea na seva za habari, na uu ya kugeuza faili. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, limeziondoa zote mbili, pamoja na nyingine walizoziita betri zilizokufa. Mwaka huo huo, tarehe 22 Februari, Google Groups iliacha kupokea na kubandika ujumbe mpya wa Usenet. Yaani mlango niliokuwa naubisha ulikuwa unafungwa mbele yangu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanaoandika Python hawalijui. Guido van Rossum alipoitoa lugha hiyo kwa umma kwa mara ya kwanza, Februari 1991, hakukuwa na tovuti ya kuipakua. Aliibandika kwenye kikundi cha habari kiitwacho alt.sources, imegeuzwa kwa uuencode, ikakatwa vipande 21. Lugha yenyewe iliingia duniani kwa mlango uleule wa picha ya Mjomba. Ilikuja kwa mitungi.

Nikatumia Python ya zamani. Skripti haikufika mistari arobaini. Inasoma faili, inakata baiti 45 kwa mara moja, inageuza kila fungu kuwa mstari, inagawa mistari kuwa sehemu tatu. Kwa kila sehemu inaandika kichwa: nani anatuma, kikundi gani, jina la picha na namba ya sehemu, mstari mtupu, kisha mzigo. Halafu inaongea na seva kwa lugha ya namba. Seva inasema 200, karibu. Skripti inasema POST. Seva inajibu 340, haya leta. Skripti inamwaga mistari, na inamaliza na nukta moja peke yake kwenye mstari. Seva inasema 240, nimepokea. Kwa sababu nukta ndiyo mwisho, mstari wowote unaoanza na nukta lazima uongezewe nukta ya pili, la sivyo mambo yanaharibika. Na kwa bahati mbaya mstari wa uuencode wenye baiti 14 unaanza na nukta: 14 na 32 ni 46. Moduli ya zamani ilishughulikia hilo kimyakimya. Mtu aliyeiandika alikuwa amewahi kuumia.

240. 240. 240. Sehemu tatu zote.

Binamu yangu, ambaye nilimlazimisha kusakinisha programu ya kusomea, alinipigia. "Si ungetuma tu WhatsApp?"

Ungetuma tu, kweli. Lakini nikamwambia afungue imeili yoyote aliyotuma yenye CV na aangalie maandishi yake ghafi. Tangu 1992 imeili ina utaratibu wake, MIME, na ndani yake njia inayoitwa base64: baiti 3 zinakuwa herufi 4, hesabu ileile ya Horton ikiwa na alfabeti nyingine. Kila kijana wa Kitengela anayetafuta kazi anatuma CV yake ikiwa imegeuzwa fujo kama ile ya sandukuni. Tofauti ni kwamba upande wa pili kuna kitu kinachojua kuifungua, na kwa sababu hiyo hatuulizi. Binamu akanyamaza, halafu akauliza, "Huyo ndiye anafanana na mimi hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, ndiye yeye.

Picha niliichapisha Kitengela, kwenye duka la picha karibu na stendi, kubwa ya kuweka ukutani. Mwenye duka alitaka kunisaidia kuondoa ule ukungu wa chini. Siku hizi kompyuta inajaza yenyewe. Nikamwambia aache hivyo. Mistari inayokosekana hatukuisoma, na sikutaka mashine ibuni miguu ya mjomba wangu.

Jumamosi nikaipeleka Kajiado. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Aliiangalia sweta kwa muda mrefu kuliko uso.

"Mikono imemzidi," alisema mwishowe. "Nilijua nimekosea vipimo."

Akaiegemeza juu ya kabati. Kisha akaniuliza karatasi ziko wapi. Nikazitoa kwenye bahasha, zote tisa, na kwa kuwa picha sasa ilikuwa kabatini nikadhani anataka tuzitupe.

"Rudisha hapo," akasema, akionyesha sanduku.